Daftari la Baba Mdogo

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 12, mwanafunzi wa darasa la sita, na pale kijijini nilijulikana kwa hesabu. Ndiyo maana baba mdogo alinichagua mimi. Alifika kwetu alfajiri, umande ungali unadondoka kwenye migomba, ameshika daftari lenye jalada jeusi lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Akamwambia baba: "Kaka, naomba unipe huyu kijana kila Jumamosi. Nina watu wa kuwalipa." Baba hakuuliza ni watu gani. Kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Kwetu ni Kiziba, kaskazini mwa Bukoba. Kila familia ina kibanja chake, migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake. Kahawa ndiyo karo, ndiyo dawa, ndiyo bati la nyumba, lakini huja kwa msimu, na shida haina msimu. Mwenye mgonjwa wakati mibuni iko kwenye maua humwendea mwenye fedha na kumuuzia kahawa ambayo haijawa kahawa. Biashara hiyo inaitwa butura. Serikali imeipiga marufuku na haijafa. Mnunuzi hutazama maua, akakadiria, akatoa fedha kidogo, na mavuno yakifika huja na magunia yake kuchukua kilicho chake.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na katika miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapanda kuliko watu walivyowahi kuona. Waliokuwa wamenunua maua ya Bukoba kwa bei ya zamani wakavuna bei mpya. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Alinunua baiskeli, redio ya mbao, ng'ombe wawili wa maziwa, na alikuwa amepanga bati kwenye ukumbi akisubiri kujenga duka. Kanisani alikaa benchi la tatu kutoka mbele. Hakulewa, hakukosa ibada, sadaka yake ya mavuno ilikuwa kubwa kuliko za wengi, na jina lake lilisomwa kwa sauti.

Kilichombadilisha sikukiona mwenyewe. Nilisimuliwa na bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa mlokole tangu miaka ya 1940. Neno hilo tulilipata kwa Waganda, pamoja na uamsho wenyewe. Uamsho ulianzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, na Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeshafika kwetu. Watu wake walitubu waziwazi na kutaja dhambi kwa jina. Walirudisha vitu walivyoiba, hata vya mwajiri na vya serikali, na watu wakadhani wamerukwa na akili. Askofu Josiah Kibira, Mhaya mwenzetu, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo. Bibi naye, asiyejua kusoma, alikuwa mtu wa uamsho huo. Kila Ijumaa jioni wenzake walikutana sebuleni kwake, kwenye nyasi zilizotandikwa chini. Ijumaa moja mwanawe aliingia, akakaa karibu na mlango. Ilipofika zamu ya ushuhuda alisimama akaanza kutaja majina ya watu, na kando ya kila jina idadi ya debe. Bibi alisema hakumaliza. Alilia kabla ya kufika nusu ya orodha.

Sasa alitaka kurudisha, na alikataa tuhesabu kwa shilingi. Shilingi ya 1984 haikuwa na uzito wa shilingi ya 1976. "Nilichukua kahawa, nitarudisha kahawa," alisema. Kazi yangu ilikuwa kuandika debe alizochukua, kutoa debe ambazo fedha aliyolipa ingenunua kwa bei halali ya mwaka ule, na kumwambia kilichobaki. Kilichobaki ndicho deni. Kwa baadhi ya watu lilikuwa debe mbili, kwa wengine kumi na tano. Aliuza redio kwanza, halafu baiskeli, halafu bati, halafu ng'ombe mmoja, akanunua kahawa kwa bei ya siku ile ili awe na cha kurudisha. Baba alimkataza kugusa kibanja kwa sababu ardhi ni ya ukoo, na hapo tu ndipo alipokubali kuzuiwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Mwislamu, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alimsikiliza baba mdogo mpaka mwisho, akapokea gunia, akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama afanyavyo Mhaya kwa mgeni anayemheshimu. Kisha akasema kwamba hata katika dini yake toba ya mtu aliyedhulumu haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Baba mdogo alitafuna kahawa yake kimya. Nadhani ilimsaidia kwamba aliyempokea wa kwanza hakuwa mtu wa kanisa lake.

Nyumba nyingine tulifukuzwa. Mwenye nyumba alisimama mlangoni na panga la kupogolea migomba mkononi. Hakulinyanyua, lakini hakuliweka chini. "Mungu wako amekusamehe? Vizuri. Mimi bado." Tulirudi na gunia letu. Njiani nilitaka kumlaani yule mzee, baba mdogo akanizuia: "Ana haki." Tulirudi Jumamosi tatu mfululizo, na ya tatu alitwaa gunia bila kutamka neno.

Nyumba ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mjane aliyeishi juu ya kilima, karibu na shule. Alipima kahawa kwa debe lake mwenyewe, siyo letu, akaona imetimia. Halafu akauliza: "Na ya mwanangu?" Baba mdogo hakuelewa. Mama yule akaeleza kwamba mwaka ule alipouza maua yake yote ili amzike mumewe, hakubaki na kitu cha kulipia shule, na kijana wake akaacha masomo akiwa kidato cha pili. Alikuwa wa kwanza darasani. Sasa alikuwa kibarua huko Karagwe. "Hilo ni debe ngapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei.

Baba mdogo aligeuka akanitazama mimi, mtu wa hesabu. Nilikuwa nimeshika kalamu.

"Andika," aliniambia. "Sijui nitalilipaje, lakini andika."

Niliandika jina la kijana yule, na kwenye safu ya debe nikaacha pengo.

Tulipokuwa tukiteremka kilima kile ndipo nilipomuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni wiki nzima: "Baba mdogo, ukimaliza kuwalipa wote, ndipo Mungu atakusamehe?" Alisimama. "Mwanangu, anayelipa ili asamehewe huomba apunguziwe. Umenisikia mahali popote nikiomba kupunguziwa?"

Sikuwa nimemsikia. Alilipa kama mtu aliyekwisha pokea kitu kikubwa mno, mtu ambaye debe kumi na tano haziwezi kumfilisi.

Jioni ile bibi alituomba tumsomee habari za Zakayo. Tangu nikiwa shule ya Jumapili nilijua kwamba Zakayo alikuwa mfupi na kwamba alipanda mkuyu. Bibi hakujali mkuyu. Alitaka nimsomee mpangilio. Nani alisema kwanza? Yesu, aliyemwita mtoza ushuru ashuke kwa kuwa leo atashinda nyumbani kwake. Wakati huo Zakayo alikuwa ameahidi nini? Hajaahidi kitu. Amerudisha nini? Hajarudisha hata senti. Mgeni ameshaingia ndani, watu wananung'unika nje, na ndipo mwenye nyumba anasimama na kutaja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliyemdhulumu. "Angelipa kwanza, Yesu angekuwa mdai," bibi alisema. "Na asingelipa kabisa, ingekuwa Yesu amekula chakula cha wizi." Nimesoma vitabu kadhaa vya theolojia baada ya hapo, na sijaona mahali ambapo jambo hili limesemwa vizuri zaidi kuliko lilivyosemwa na mwanamke yule asiyejua herufi.

Miaka miwili baadaye nilianza mafundisho ya kipaimara. Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mwema na mkali, na Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, tuliikariri mpaka tukaiota: amri kumi kwanza, kisha imani, kisha Sala ya Bwana, kisha sakramenti. Kosa moja, fimbo moja ya kiganja. Nilizimudu amri zote, lakini moyoni nilielewa kitu kimoja tu, kwamba amri ni mlango, na asiyeupita kwa alama nzuri haoni Meza ya Bwana. Hatukusoma sura zilizotangulia amri hizo katika kitabu cha Kutoka. Katika sura ya 14 bahari imegawanyika na watumwa wamevuka. Sura ya 20 ndipo amri zinatolewa, na sentensi ya kwanza kabisa inawakumbusha ni nani aliyewatoa Misri. Hawakuambiwa wazitii amri wakiwa bado matofalini kwa Farao ili siku moja watoke. Walikuwa wametoka tayari. Laiti ningefundishwa hilo nikiwa na miaka 14.

Swali la Paulo na Yakobo nililiuliza mimi mwenyewe, na sikupigwa. Mmoja anasema Abrahamu alihesabiwa haki kwa imani, mwingine anauliza kama Abrahamu hakuhesabiwa haki kwa matendo. Mwinjilisti alikiri kwamba hata Luther swali hilo lilimsumbua: mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, maneno ambayo baadaye yaliondolewa kwenye dibaji yake. Kisha akatuambia tutazame kila mmoja anasoma ukurasa gani. Paulo anasoma Mwanzo 15, usiku ule Abrahamu anapooneshwa nyota hana hata mtoto mmoja. Yakobo anasoma Mwanzo 22, Isaka amekuwa kijana na kuni ziko begani mwake. Kati ya kurasa hizo mbili mna miaka mingi. Imani ya usiku wa nyota ndiyo iliyotembea mpaka mlimani. Tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi tamko lao la pamoja kule Augsburg kuhusu kuhesabiwa haki, nilimkumbuka mwinjilisti yule na ubao wake uliopasuka.

Lakini mwaka 1987, nikiwa karibu kubarikiwa kipaimara, dada yangu alipata mimba. Alikuwa na miaka 19 na hakuwa ameolewa. Baraza la wazee lilimwita, akaulizwa, akajibu, akatengwa. Asikaribie Meza ya Bwana, asiimbe kwaya, mpaka ajifungue na kurudi kundini mbele ya usharika. Kijana aliyehusika alijulikana na kila mtu. Aliendelea kuimba besi, kwa sababu mwili wake haukumsaliti.

Sisemi kanisa lisiwe na nidhamu. Kanisa lisilomwambia mtu kitu hata anapojiangamiza halimpendi. Ninachosema ni kwamba tulipima utii kwa kile ambacho tumbo linaonesha. Wauzaji na wanunuzi wa butura hawakuwahi kuitwa na baraza lolote. Baba mdogo miaka yote ile alikaa benchi la tatu na akashiriki.

Jumapili ya kwanza ya kutengwa kwake, dada alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kama desturi ilivyotaka. Bibi alikuwa na mahali pake mbele, upande wa wanawake, tangu kabla sijazaliwa. Aliinuka, akachukua mkeka wake na fimbo, akatembea hadi nyuma na kukaa kando ya mjukuu wake. Wakati wa Meza ya Bwana ulipofika hakuinuka. Mzee mmoja wa kanisa alimjia, akainama na kumwambia kwa heshima: "Mama, wewe hujatengwa." Bibi akamjibu: "Najua, baba. Nitakula naye siku atakayokula."

Alikaa hivyo miezi 11. Nilipobarikiwa nilikwenda mbele na wenzangu tukiwa na mashati meupe, tukapokea kwa mara ya kwanza. Nilipogeuka kurudi niliwaona wawili wale kule mwisho, bibi na dada na mtoto mgongoni. Shati langu jeupe likaniwia zito. Nilikuwa nimetii kila kitu nilichoagizwa, na sikuwa nimefanya hata robo ya kile alichokifanya mwanamke yule kwa kutotii.

Lugha yetu ina hekima ambayo nimechelewa kuiona. Kwa Kiswahili mtoto asiyetii tunasema hasikii. Hatusemi hatendi, tunasema hasikii, na mtoto mtiifu ni msikivu. Ni kana kwamba kutenda kumo tayari ndani ya kusikia, na asiyetenda bado sauti haijamfika. Kigiriki cha Agano Jipya kina undugu huohuo: neno lake la utii limezaliwa na neno la kusikia. Imani nayo, kwetu, ni ndugu wa uaminifu na wa amana. Mtu mwenye imani ni mtu aliyepewa kitu akitunze. Paulo, mwanzoni na mwishoni mwa waraka kwa Warumi, ameyafunga mambo haya mawili, utii na imani, kwa kifundo kimoja, katika waraka uleule unaosifiwa kwa kufundisha neema tupu.

Ikiwa kutii ni kusikia, basi lazima tuulize ni sauti ya nani inayosikiwa. Swali hilo lilikuja kwetu kwa mto.

Aprili 1994 nilikuwa na miaka 22, nikitafuta vibarua. Mwishoni mwa mwezi ule, katika muda wa kama siku moja, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 kutoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea, walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Nilipata kazi ya kupakua magunia ya mahindi kambini Benaco. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa unabeba maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Nyumbani watu waliacha kula samaki. Bibi aliacha kuimba. Tukutendereza, ule wimbo wa walokole wa Afrika Mashariki nzima, alijifunza katika uamsho uliotoka upande huohuo mto ulikotoka sasa.

Jumapili kambini waliimba. Waliimba vizuri sana, sauti nne, kwenye vumbi. Kati ya wale walioimba walikuwamo waliokimbia na mikono safi na walikuwamo waliokimbia na mikono yenye damu, na mimi mwenye gunia begani sikuweza kuwatofautisha. Kule walikotoka watu walikuwa wameuawa ndani ya makanisa, Nyamata, Ntarama, na Nyarubuye isiyo mbali na mpaka wetu. Wengi wa walioua walibatizwa, na walijua amri kumi kama nilivyozijua mimi. Tena walikuwa watiifu. Walimtii mkuu wa wilaya, walimtii kiongozi wa kijiji, waliisikia redio. Nilielewa pale, kwenye foleni ya mahindi, kwamba utii peke yake si fadhila. Mtu aliyelelewa kutii kwa kuogopa atamtii yeyote anayemwogofya vya kutosha.

Na walikuwapo waliosikia sauti nyingine. Machi 1997, wauaji walipovamia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa kugawanyika. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Bibi aliposomewa habari hiyo aliuliza majina yao, tukawa hatunayo. Akasema: "Hao ndio walioketi benchi la nyuma." Jioni ile nilimsikia jikoni akiimba tena, polepole.

Ningependa kusema kwamba kwa mafunzo hayo yote mimi mwenyewe niliishi vizuri. Mwaka 1997 nilikuwa Dar es Salaam, nikikaa chumba kimoja na kijana wa kwetu. Nilipokwenda nyumbani likizo alinipa fedha nimpelekee mama yake aliyekuwa na ugonjwa wa macho, zimsaidie kwenda hospitali. Ilikuwa amana. Mwanza, kabla ya kupanda meli, niliona mitumba ya bei nzuri, nikazitumia fedha hizo kama mtaji, nikajiambia nitazirudisha. Mitumba haikutoka. Nikamwambia mwenzangu kwamba niliibiwa melini.

Mwaka uliofuata niliokoka. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema siku ile, kwenye mkutano wa injili viwanja vya Jangwani, nikilia machozi ya kweli. Siyadharau machozi yale mpaka leo. Lakini Kiswahili kinaturuhusu kusema "nimeokoka" bila kumtaja aliyeokoa, na ukisema "nimeokolewa" mtu atakuuliza, na nani? Na kutoka wapi? Mimi nilibaki kwenye "nimeokoka". Nilishuhudia kwenye daladala. Nilimshuhudia hata mwenzangu yule wa chumbani. Kuhusu fedha zake nilijiambia kwamba zimefunikwa na damu ya Yesu pamoja na dhambi nyingine. Wahubiri niliowasikiliza walizungumza sana kuhusu utii, na utii wenyewe ulikuwa kutoa mbegu ya fedha ili ubarikiwe. Hakuna aliyetuambia turudishe ya watu.

Baadaye nilisoma habari za Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, aliyetoa mwaka 1937 kitabu juu ya kumfuata Kristo. Alililaumu kanisa lake, ambalo ndilo letu pia, kwa kuuza neema kwa bei ya kutupa: msamaha usio na toba, ubatizo usio na nidhamu. Alishikilia kwamba anayeamini ndiye anayetii, na anayetii ndiye anayeamini, na ukiyatenganisha hayo yote mawili yanakufa. Wanazi walimnyonga Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Nilisoma hadi usiku, na kitabu kilinikaa kifuani, lakini hata yeye hakunitoa kwenye kiti.

Aliyenitoa ni baba mdogo, na alikuwa amekufa. Tulimzika mwaka 2003. Baada ya matanga baba aliniita akanipa lile daftari jeusi: "Alisema ni lako." Nilikaa chini ya mgomba nikalifungua. Kila mstari ulikuwa umekatwa kwa wino wa buluu, na pembeni tarehe. Ukurasa baada ya ukurasa. Mstari mmoja tu haukukatwa, ule wa mwandiko wangu wa darasa la sita, jina la kijana wa mjane, na kwenye safu ya debe pengo.

Sikuweza kwenda Karagwe na daftari lile huku langu mwenyewe nikiwa nimelificha. Niliporudi Dar es Salaam nilimtafuta yule mwenzangu wa zamani, sasa ana duka la vipuri Kariakoo. Nilimwambia yote, nikaweka bahasha mezani. Aliitazama muda mrefu. "Nilijua," alisema. "Meli ile haikuwa na mwizi." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: mama yake alipofuka, na alifariki mwaka 2000 akiamini mwanawe wa mjini hakumkumbuka. Aliichukua bahasha, akaifungia kwenye droo, akasimama kumhudumia mteja. Sikuambiwa nimesamehewa. Mungu alinisamehe Jangwani, hilo naliamini kwa moyo wote, na ukimya wangu baada ya msamaha huo ndio uliomfanya mama yule afe na neno lile moyoni. Hakuna debe la kupimia hilo. Tangu siku ile, mtu akiniuliza matendo yana kazi gani kama tunaokolewa kwa neema, mimi humkumbuka mama yule kabla ya kumkumbuka Paulo.

Karagwe nilikwenda mwaka uliofuata. Nilimkuta kijana wa mjane, si kijana tena, mvi zimeingia kichwani, ana mibuni yake michache nyuma ya nyumba ya udongo. Mama yake alikuwa ameshafariki. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikalifungua daftari kwenye ukurasa ule. Nilimweleza nilivyokwenda kwa mama yake na baba mdogo nikiwa na miaka 12, na nilivyoandika jina lake, na kwa nini hapakuwa na idadi. Nilikuwa nimeandaa fedha za karo kwa mtoto wake yeyote aliye shuleni, lakini nilipotaka kuzitoa alininyooshea kiganja, ningoje.

Alilichukua daftari. Alisoma jina lake, kidole kikifuata herufi, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa njiani miaka mingi. Alirudi nyuma akafungua kurasa zilizokatwa, moja moja, akiyataja kwa sauti majina ya watu wa kijiji alichokiacha: huyu alikuwa jirani yetu, huyu alinifundisha kuogelea, huyu bado yuko? Nilimjibu kila niliyemjua. Aliporejea kwenye mstari wake aliniomba kalamu. Nilidhani atajaza ile safu.

Hakuijaza, wala hakuukata mstari. Aliandika pembeni, polepole, jina la binti yake wa mwisho na darasa lake, kidato cha kwanza. Kisha akamwita binti mwenyewe, akamwambia alete kikapu cha kahawa ya kutafuna, mgeni ametoka mbali.